Si kila kompyuta inayozimika inahitaji kupigwa Windows

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi wa kompyuta wa hapa Dar es Salaam, na zaidi na sisi wateja wao, kuhusu mazoea ya kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuiweka tena mfumo huo unaoendesha kompyuta, kila inapoletwa kompyuta inayozimika yenyewe.

Ninayo kompyuta ya mezani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ambayo hukaa nyumbani Tabata kwa ajili ya kutunza hesabu za kikoba chetu. Mwaka jana ilianza kujizima na kujiwasha bila kutoa ujumbe wowote, siku nyingine mara mbili kwa jioni moja. Niliipeleka kwa fundi mara tatu na mara zote dawa ilikuwa ileile: alipiga Windows, akatoza shilingi 20,000, mashine ikafanya kazi vizuri mchana pale dukani, nami nikairudisha nyumbani ambako haikumaliza wiki. Mara ya pili aliniuliza kama nina kitu kwenye C, yaani sehemu ya diski inayokaa Windows na ambayo hufutwa inapopigwa upya. Nikajibu sina, kwa kuwa mafaili yangu yote niliyaona usoni mwa skrini. Sikujua, wala hakunieleza, kwamba vinavyoonekana pale kwa kawaida hukaa humohumo kwenye C. Hesabu za miezi minane zikapotea. Ilinibidi nizunguke kwa wanachama kuomba vitabu vyao ili nizipange upya, na anayevijua vikoba anaweza kukisia maswali niliyoulizwa.

Baada ya hapo mpwa wangu, anayesomea umeme, alinishauri nianze na daftari. Kila ilipozimika niliandika saa, kazi niliyokuwa nikiifanya, na kama skrini ya bluu, ile ambayo Windows huonyesha inapopata kosa kubwa, ilitokea. Katika majuma mawili nilipata matukio 11, tisa kati yake yakiwa baina ya saa moja na saa nne usiku, na hakuna hata moja lililoonyesha skrini ya bluu. Tulifungua pia Event Viewer, sehemu ya Windows inayohifadhi taarifa za matukio, tukakuta taarifa moja imejirudia: Kernel-Power, namba 41. Wengi wakiiona hudhani wameupata ugonjwa, kumbe inasema tu kwamba mashine iliwaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu, kama mlinzi anayeripoti asubuhi kuwa mlango umekutwa wazi. Ndani yake namba ya kosa la Windows ilikuwa sifuri, jambo lililotuelekeza kwenye umeme au vifaa kuliko programu, ingawa halikuthibitisha lolote.

Kwanza tulishuku joto, maana ulikuwa mwezi wa Februari na feni ilikuwa imezibwa na vumbi. Tulisafisha, tukabadilisha grisi ya prosesa, na joto lake likashuka kutoka nyuzi 94 hadi 68. Nikaamini kazi imekwisha. Jioni ya pili ikazimika tena. Vumbi lile lilikuwa kasoro ya kweli, ila haikuwa kasoro tuliyokuwa tukiitafuta.

Jaribio lililonifungua macho lilikuwa la kupima RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa MemTest86, programu inayowashwa kutoka kwenye flashi na kujiendesha bila Windows. Usiku wa kwanza ilipita mizunguko minne bila kosa. Jioni iliyofuata tuliirudia, na mashine ikazimika katikati ya kipimo. Nakiri kwamba hapo nilikasirika. Kompyuta inayozimika wakati Windows haijawashwa kabisa haiwezi kuponywa kwa kupigwa Windows, hata ikipigwa mara 100, na jaribio hilo lingeweza kufanywa kabla ya kufutwa faili hata moja.

Mpwa wangu akaazima pawa saplai, kifaa kinachoipa kompyuta umeme kutoka ukutani, kwa rafiki yake, tukaifunga, na wiki nzima ikapita bila kuzimika. Kisha akasisitiza turudishe ile ya zamani makusudi, jambo nililoliona kuwa la kipuuzi. Usiku uleule kompyuta ikazimika. Sasa naona kwamba hatua hii, ambayo hurukwa mara nyingi, ndiyo yenye uzito, kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kujua kama kilichoponya ni kifaa kipya au ni waya uliokuwa umelegea, ukakazwa bila kukusudia wakati wa kubadilisha.

Ndani ya ile mbovu kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa. Kapasita isiyo na kasoro huweka akiba ya umeme inayoiwezesha pawa saplai kuvumilia pengo la takriban milisekunde 16, ambalo ni pungufu ya mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hertzi 50. Zikichoka, akiba hiyo hupungua. Jioni mtaani kwetu, pasi na majiko yanapowashwa kwa pamoja, volti hushuka chini ya 230 na taa hupepesa, na mashine yangu haikuwa na akiba ya kuziba pengo. Mchana dukani umeme ulikuwa umetulia, hivyo ilionekana nzima. Natahadharisha kwamba msomaji asijaribu kuifungua pawa saplai mwenyewe, kwani kapasita zake zinaweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Wapo mafundi wanaopima kabla ya kugusa, na siwahusishi na malalamiko haya. Wengine nawaomba jambo moja dogo: kabla ya kufomati, fundi aandike kwenye risiti ni kipimo gani amefanya na kimeonyesha nini, na mteja asilipe kama nafasi hiyo iko tupu. Sisi wateja nasi tuache kusema tu kwamba kompyuta inasumbua, tuje na saa na siku.

Pawa saplai niliyonunua, iliyotumika, ilinigharimu shilingi 35,000. Nilipompelekea fundi wangu ile mbovu, aliigeuzageuza, akasema angeijua mapema kama ningemweleza kuwa tatizo hutokea zaidi usiku. Ni kweli sikumweleza, naye hakuniuliza.

Mweka hazina wa kikoba,
Tabata, Dar es Salaam