Utando usio na mafuta

Mpendwa Zuhura,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo, na barua yako imefika salama. Swali lako la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika: protini inawezaje kuwa utando, wakati wanafunzi wako unawafundisha kwamba utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta? Unachowafundisha ni sahihi. Lakini ipo protini moja ambayo ukiipanga vizuri inaweza kazi hiyo. Inaitwa elastini, na kwa jinsi ninavyoipenda, kukujibu kwa mistari miwili nimeshindwa.

Kazi yake ya kawaida unaijua. Moyo ukisukuma damu, aota, yaani mshipa mkubwa utokao moyoni, inatanuka kisha elastini inairudisha, na mapafu nayo vivyo hivyo kila tunapovuta pumzi. Mwili huitengeneza zaidi tukiwa tumboni na utotoni, baada ya hapo karibu unaacha kabisa. Nusu yake huchukua takriban miaka 70 kuchakaa. Yaani elastini unayopumulia leo, nyingi ni ile ile ya utotoni.

Maabara tunatumia minyororo mifupi ya kutengenezwa inayoiga elastini, yenye asidi amino (vijenzi vya protini) zinazofuatana hivi: valini, prolini, glisini, valini, glisini, halafu unaanza tena, mara nyingi. Iyeyushe kwenye maji ya baridi, chupa inakuwa angavu kabisa. Ifumbate kiganjani, na baada ya muda unaona ukungu, kisha weupe mzito. Irudishe kwenye barafu, weupe unatoweka. Mafuta ya nazi huganda kwa baridi na kuyeyuka kwa joto. Hii inakwenda kinyume chake. Joto la kugeukia hutegemea urefu wa mnyororo, wingi wa protini na chumvi iliyomo. Ukitazama weupe ule kwa hadubini, unaona matone ya mviringo. Mawili yakigusana yanamezana na kuwa moja. Hapo ndipo unapojua kwamba ni kimiminika ndani ya kimiminika, si chenga zilizoganda.

Chanzo chake ni maji. Valini na maji haziivi, kwa hiyo molekuli za maji zinazoizunguka zinalazimika kujipanga. Joto likipanda, kujipanga huko hakuwezekani tena: minyororo inakusanyika, na maji yale yanaachiwa yaende zake. Mwanasayansi Dan Urry, kule Alabama, Marekani, alitumia miaka mingi kulichimba jambo hili.

Kinachonigusa zaidi ni yaliyomo ndani ya tone. Protini nyingi tunazosoma hujikunja zikapata umbo lake maalumu, lakini hii haina umbo hata ikisongamana. Mwaka 2017 wanasayansi Sarah Rauscher na Régis Pomès walichapisha hesabu walizofanya kwa kompyuta, na zilionyesha kwamba minyororo ndani ya tone inabaki vurugu, na maji yamo katikati yake. Prolini ni ngumu kukunjika, glisini ni legevu kupita kiasi. Kwa pamoja zinazuia minyororo isilaliane ikawa nyuzi ngumu kama zile za kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Na ni vurugu hiyo inayoipa mnyumbuko. Ukiivuta unailazimisha inyooke, ukiiachia inarudi ovyo kama ilivyokuwa.

Mwilini nako ni hivyo. Seli hutoa tropoelastini, yaani elastini ambayo bado haijafungwa pamoja, nayo kwenye joto la nyuzi 37 hukusanyika kuwa matone juu ya seli. Matone hupelekwa kwenye nyuzi nyembamba zilizokwishatangulia, kisha kimeng'enya kinachohitaji madini ya shaba huifunga minyororo pamoja, lisini (asidi amino nyingine) kwa lisini. Kuanzia hapo haiyeyuki tena.

Sasa utando wako. Chukua mnyororo ule unaokimbia maji, uunganishe na kipande kingine cha aina hiyo hiyo, ila chenye chaji ya umeme, kwa mfano glutamati nyingi badala ya valini. Nusu moja inataka kujitenga na maji, nusu ya pili inataka kubaki nayo. Tone haliwezi kutulia likiwa hivyo, kwa hiyo minyororo inajipanga kuwa ukuta, ncha zinazopenda maji zikielekea majini, na ukuta unajizungusha ukawa kifuko. Mwaka 2014 kundi la Stefan Schiller huko Freiburg, Ujerumani, lilionyesha bakteria wa E. coli wakizitengeneza protini hizo wenyewe na kujijengea vyumba ndani ya mwili wao. Miaka minne baadaye Friedrich Simmel na wenzake, Munich, waliweka ndani ya vifuko kama hivyo mitambo ya kusoma DNA na kutengeneza protini. Protini iliyotengenezwa ndani ikajipachika ukutani, na kifuko kikakua! Niliposoma hapo niliamka nikazunguka chumbani.

Ukitaka kuwaeleza wanafunzi, nadhani ungeanza na swali hili: ni nini kinachohitajika ili kitu kiwe utando? Wataje mafuta, kisha uwaulize kama ni mafuta yenyewe au ni ule mgawanyiko wa upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia. Wale wa kidato cha nne wataweza. Uniandikie walichojibu, hasa yule binti anayekusumbua kwa maswali.

Nisalimie mama na watoto wote.

Wako,
Mwanaidi