Unapouza bastola yako Marekani, ipitishe dukani

Mhariri,

Gazeti lenu linasomwa na wengi wetu tunaoishi Marekani, na kwa sababu hiyo naomba nafasi ya kuzungumzia jambo linaloonekana mara kwa mara katika vikundi vyetu vya WhatsApp, hasa wakati watu wanapohama jimbo kufuata kazi. Katikati ya matangazo ya magodoro, vyumba vya kupanga na viti vya watoto vya gari, mtu huweka picha ya bastola iliyolazwa juu ya meza, na chini yake ameandika: "Milimita tisa, haijatumika sana, bei maelewano, nipigie." Baada ya muda hufuata ujumbe wa kusema imeshachukuliwa. Walikutana mahali pa kuegesha magari, fedha zikatumwa kwa simu, kila mmoja akaenda zake.

Huku Texas ninakoishi, mtu binafsi anayemuuzia mwenzake mkazi wa jimbo hili silaha halazimiki kumfanyia uchunguzi wa rekodi, si kwa sheria ya jimbo wala ya serikali kuu. Wenzetu wengi wameichukua hali hiyo kuwa ruhusa isiyo na masharti, na hapo ndipo ninapoona hatari. Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya 1968 inamkataza mtu yeyote, awe na duka au asiwe nalo, kumuuzia mwingine silaha akijua, au akiwa na sababu ya msingi ya kuamini, kwamba mnunuzi huyo amekatazwa kuwa nayo. Waliokatazwa ni pamoja na aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mke au mume, anayetumia dawa za kulevya, na aliyeko nchini bila kibali. Tangu Juni 2022 adhabu ya kuvunja katazo hilo inaweza kufika kifungo cha miaka 15.

Kuna kundi jingine ambalo Mmarekani wa kawaida halifikirii, nalo linatugusa sisi moja kwa moja. Mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama vile viza ya masomo ya F-1, ya matembezi au ya kazi ya H-1B, kwa kawaida amekatazwa kununua au kumiliki silaha, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kwa hiyo kijana mpole, anayeimba kwaya na hajawahi kusimamishwa hata na polisi wa barabarani, anaweza kuwa haruhusiwi kwa sababu ya viza yake tu. Mkimbizi aliyepokewa rasmi kutoka Kakuma au Nyarugusu, na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, hawazuiwi kwa sababu hiyo. Muuzaji atawatofautishaje? Sisi sote tunajua kwamba kumuuliza mtu mzima habari za makaratasi yake ni kumvunjia heshima, na wengi wangependa kupoteza mauzo kuliko kuuliza swali hilo. Wakati huohuo, katika jumuiya ndogo kama zetu, mara nyingi tunajua bila kuuliza. Aliyempokea mwanafunzi uwanja wa ndege na kumpa chumba muhula wa kwanza hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema hakujua kijana yule aliingia kwa viza gani.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu, hata katika majimbo yasiyolazimisha, wauze silaha zao kupitia muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu. Mnakwenda wote wawili dukani. Muuzaji huyo anaigeuza bastola, anasoma nambari iliyochongwa na kiwanda na kuiandika katika daftari lake, kisha mnunuzi anajaza fomu 4473, inayouliza juu ya uraia, viza na rekodi ya jinai. Taarifa hizo zinapelekwa katika mfumo wa uchunguzi wa papo hapo ulioanza kazi Novemba 1998, na jibu huja: endelea, subiri au hapana. Ada ya huduma hiyo mara nyingi ni dola chache tu ukilinganisha na bei ya silaha yenyewe. Swali la makaratasi linaulizwa na mwenye duka, ambaye ni kazi yake kuuliza, na hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Mjue pia kwamba mnunuzi akikataliwa baada ya silaha kuingia katika daftari la duka, huenda mwenye mali naye akatakiwa kuchunguzwa kabla ya kurudishiwa.

Sababu yangu ya pili ni jinsi silaha inavyofuatiliwa. Marekani haina daftari moja la taifa la wenye bunduki, na sheria ya 1986 inaizuia serikali kuu kuliunda. Bastola ikiokotwa penye uhalifu, polisi huipeleka nambari yake kwa kituo cha ufuatiliaji cha ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kilichoko Martinsburg, West Virginia. Huko wanauliza kiwanda kilimuuzia nani, kisha msambazaji, kisha duka, na mnyororo kwa kawaida unaishia kwa mtu wa kwanza aliyeinunua dukani. Kama mtu huyo ni wewe, na uliiuza miaka minne iliyopita kwa kijana uliyemfahamu kwa jina la utani, mlango utakaogongwa ni wako. Kama mauzo yalipitia duka, unataja duka na mwezi, na wapelelezi wanaendelea na safari yao. Wanaokataa katakata kwenda dukani katika jimbo linaloruhusu wabaki angalau na hati iliyotiwa saini na pande zote mbili, yenye tarehe, aina ya silaha, nambari yake, na namba ya kitambulisho cha jimbo cha mnunuzi, ingawa hati hiyo haimchunguzi mtu.

Linalonisumbua zaidi ya yote ni hili. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema kwamba asiye raia akitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kubadilishana au kumiliki silaha kinyume cha sheria yoyote, anaweza kufukuzwa nchini. Hata mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hakusazwa. Mmarekani akikosea katika mauzo kama haya anahofia faini na kifungo. Mwenzetu aliyeishi hapa miaka mingi, mwenye watoto wanaosoma na mkopo wa nyumba, anaweza kutumikia adhabu kisha akapandishwa ndege. Yote hayo kwa bastola ya dola mia nne.

Kuhama jimbo nako kuna mitego yake. Mtu binafsi haruhusiwi kumuuzia silaha mkazi wa jimbo jingine moja kwa moja, hata kama ni binamu yake wa damu. Bastola ya Dallas inayokwenda kwa ndugu wa Columbus, Ohio, lazima ipokelewe na muuzaji mwenye leseni huko Ohio. California hulazimisha mauzo ya binafsi yapitie dukani na mnunuzi asubiri siku 10. Colorado ilipitisha sharti la uchunguzi 2013, Washington kwa kura ya wananchi 2014, na Minnesota, wanakoishi Wakenya wengi, iliweka masharti yake kwa bastola kuanzia Agosti 2023. Uliyozoea Houston usiyahamishie Seattle. Na anayefikiria kuiweka silaha ndani ya pipa la mizigo linalokwenda Mombasa au Dar es Salaam aliondoe wazo hilo kabisa: kuisafirisha kunahitaji kibali cha Marekani, na nyumbani hakuna anayeruhusiwa kuipokea bila kibali cha nchi hiyo.

Nawaomba wasimamizi wa vikundi vyetu wayaondoe matangazo ya silaha yanapowekwa, na wawaelekeze wenye nayo madukani. Naomba pia viongozi wa vyama vya maziko wawasaidie wajane, ambao mara nyingi hukuta bastola ya marehemu kabatini na kuitoa haraka kwa yeyote anayejitokeza wakati wa matanga. Asiyejua kuishika asiiguse. Maduka mengi yenye leseni hukubali kuinunua au kuiuza kwa niaba ya familia, na mtu anayeijua vizuri ndiye achomoe magazini, yaani kikasha cha risasi, akague chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, kuwa haina risasi, aifungie ndani ya sanduku na risasi zikae mbali nayo, kabla ya kuipeleka huko.

Msomaji wenu,
Houston, Texas