Shoga, nipe shauri la gesi

Coventry, Jumapili usiku

Asha shoga yangu,

Salaam aleikum. Hamjambo huko? Mama Nasra mguu umepoa? Sisi wazima, alhamdulillahi. Tangu Idi niko kimya, niwie radhi. Leo nina jambo, na wa kumwambia ni wewe.

Ni hizi hita za umeme; nafikiria kuziondoa, tuingize gesi. Unazijua, ulilala kwangu. Usiku, yale masaa saba ya umeme nafuu, matofali ya ndani yanashika moto, halafu mchana kutwa zinatoa joto nyumba tupu. Ikifika Magharibi sote tumerudi, ukiweka kiganja juu ya bati ni baridi kama sakafu. Tunawasha ile ya feni kwa bei ya mchana. Januari iliyopita bili ilipita paundi 300! Na kuvu ukutani chumbani kwa watoto: nafuta kwa jiki Jumamosi hii, ile ya pili imerudi.

Fundi amekuja kupima. Bomba la gesi linapita barabarani kwetu, jirani wa mbele anayo. Boila ya kuchemsha maji, rediata saba za kutoa joto vyumbani, mabomba chini ya mbao za sakafu na kuunganishwa, jumla paundi 8,200. Uniti ya gesi ni kama robo ya bei ya umeme wa mchana, kwa hiyo nafuu ipo, ingawa kuna ada ya mita kila siku na boila hukaguliwa kila mwaka. Salim anasema tungoje pampu ya joto, ile ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani, serikali inatoa ruzuku ya paundi 7,500. Sikatai, lakini hesabu yake hatujaipata, na Mama anakuja Novemba na magoti yake yale.

Pesa, Asha, ni zile za msingi wa nyumba ya Tanga. Miaka sita naziweka. Nikizifukia chini ya sakafu ya huku, kile kiwanja... basi, ngoja.

Halafu naogopa. Unamkumbuka yule dada wa Chumbageni aliyelala na jiko la mkaa, milango imefungwa? Fundi anasema gesi ikiungua vibaya sumu ni ile ile ya mkaa, haina harufu, ila kuna king'ora cha kuitambua, na boila ikifungwa sawasawa moshi wote unatoka nje. Nimemsikia. Usingizi bado haunijii.

Kila nikirudi kwenye hesabu naiona Tanga, na kila nikiigusa hita namwona Mama amejifunika blanketi mbili.

Kwako, nyie wenye gesi, wakati wa baridi mnalipa ngapi kwa mwezi? Joto linafika juu chumbani? Walivunja sana kuta? Fundi wenu alikuonyesha kadi yake ya Gas Safe, ile ya mafundi walioruhusiwa kushika gesi, na nyuma yake nisome nini? Unaweza kuja Jumamosi fundi wangu akirudi, tukae naye wote? Na ungekuwa wewe, pesa ya Tanga ungeigusa?

Nijibu kabla ya Ijumaa, anataka neno langu.

Wako,
Mwanaidi