Mgeni Wetu Ananyeshewa: Wito wa Harambee ya Paa la Hekalu

Kwa waumini wetu, kwa majirani zetu wa Mombasa, na kwa wana wa hekalu hili mlioko Nairobi, Leicester, London na Toronto: Jai Shri Krishna, na salamu za siku nyingi.

Masika yaliyopita, usiku wa mvua kubwa, Maharaj wetu, yaani kuhani wa hekalu, alikesha ameshika mwavuli. Hakujifunika yeye. Alisimama ndani ya patakatifu akaukunjua juu ya Krishna, na maji yakawa yanamchuruzika yeye mgongoni hadi alfajiri. Nilipofika na maua nilimkuta bado yuko wima, shali imelowa chapachapa. Akaniambia polepole, "Ben, leo Thakorji ameamka mapema. Hakupata usingizi." Hakuwa akifanya mzaha.

Ben ni dada kwa Kigujarati. Thakorji ndivyo tunavyomwita Krishna kwa heshima. Maana yake ni Bwana. Na mwavuli wenyewe ulikuwa mweusi, wa Marikiti, mbavu mbili zimevunjika. Zamani mwavuli ulikuwa heshima ya wafalme, huku pwani na kwetu India vilevile, na miungu wetu bado hufunikwa mwavuli siku za maandamano. Lakini ule wa usiku huo haukuwa wa heshima. Ulikuwa wa dharura, na kwa muda wa mwezi mzima hatukuwa na kingine.

Kabla ya kuandika barua hii kamati ilibishana kwanza juu ya lugha. Wazee walitaka Kigujarati. Vijana wakauliza nani ataisoma, na kusema kweli hata waliotaka Kigujarati walikuwa wakibishana kwa Kiswahili. Tukaafikiana. Isitoshe, majirani wanaopita langoni kila siku wana maswali yao, na swali moja nimeulizwa tangu nikiwa binti wa shule: "Mwampa chakula jiwe, la nini?"

Nitajibu kama mpishi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu hapa hekaluni, na ualimu wa dini nawaachia wenyewe.

Ibada yetu ya puja, ikifanywa kwa ukamilifu, ina huduma kumi na sita, na zote ni huduma za mgeni. Anaitwa. Anapewa kiti. Analetewa maji ya kuosha miguu, kisha ya mikono, kisha ya kunywa. Anaogeshwa, anavishwa nguo, anapakwa msandali, anatiwa maua, anafukiziwa udi. Taa inawashwa mbele yake. Anaandaliwa chakula, na akisha kula analetewa tambuu. Mtu wa pwani akisoma haya hataona kigeni. Bibi yake alipokea wageni wa harusi hivyohivyo. Hata neno tambuu lina asili katika tambula ya Kisanskriti, nalo limefika kwetu kwa bahari kama vitu vingine vizuri.

Ila Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu hapewi jembe. Murti, yaani sanamu yake, ikitoka kwa mchongaji ni jiwe tu, wala hakuna Mhindu atakayebishana nawe juu ya hilo. Halafu huja siku ya pran pratishtha: mantra husomwa, pumzi ya uhai huombwa ishuke ndani yake, na macho yake hufunguliwa. Tangu hapo mmemwalika, naye amekubali kuja. Kila alfajiri ataamshwa kwa taa na kengele. Ataoga. Ataletewa chakula cha mchana, kisha pazia litafungwa apumzike (ukija saa saba ukakuta pazia, usigonge, rudi jioni). Usiku atalazwa. Joto la kaskazi likizidi tunamwekea feni. Kusi ikivuma tunamfunika shali. Huwezi kumwambia mgeni wa namna hiyo avumilie kidogo, mwaka huu biashara mbaya.

Je, Mungu ana njaa? Hana. Mwenye haja ni mimi. Katika Gita, kitabu chetu kitakatifu, sura ya 9, aya ya 26, Krishna anasema kwamba anayemtolea kwa upendo jani, ua, tunda au maji, yeye hupokea. Orodha yenyewe ni ya vitu vya bure. Mwaka duka letu lilipofilisika, mama yangu alimwekea Thakorji jani la tulsi na kikombe cha maji, basi, kwa siku nyingi. Tulsi ni ndugu wa mrihani mnaoujua, ilikuwa imeota kwenye kopo la samli uani. Sikumwona mama akiona haya mbele ya ile rafu ya jikoni hata siku moja. Mbele ya wadai aliona haya sana.

Tena watu hawaji hekaluni kusikiliza hotuba. Wanakuja kuonana. Neno letu ni darshan: unamtazama, naye anakutazama. Mwanamke anayetoka kazini anavua viatu, anagusa kengele, anasimama dakika mbili, anapitisha viganja juu ya moto wa arati (taa ya ibada) na kuvigusisha usoni, anaondoka. Hajasema neno. Ukimuuliza alikwenda kufanya nini, pengine atakwambia alikwenda kumwona Mungu, kama mtu anavyosema nilipita kumwona mama.

Na sasa jikoni, mahali ninapopajua. Chakula cha Thakorji hakionjwi. Mpishi hatii kidole chunguni kupima chumvi, kwa kuwa wa kwanza kula ni mgeni. Nimepika hivyo zaidi ya miaka thelathini, na siku chumvi ikizidi Mungu ndiye wa kwanza kujua. Kikishawekwa mbele yake na pazia kufungwa kidogo, chakula kilekile kinarudi kwetu, ila sasa kinaitwa prasad. Hakiuzwi, hakikataliwi, hakiulizi aliyekuja ni nani. Mwenye maduka manne na mbeba mizigo wanakaa sakafuni safu moja na kupakuliwa kwa upawa mmoja. Kila Jumamosi tunapika sufuria kubwa la wali na choroko kwa yeyote afikaye langoni: mabawabu, madereva wa tuktuk, watoto wanaojifanya wametumwa na mama zao. Kwangu mimi hapo ndipo ibada ilipo, hata kuliko kwenye taa. Wengine kwenye kamati hawakubaliani nami, na wana haki yao.

Watu hudhani kwamba sisi tuliletwa na reli, ile iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896. Kweli maelfu waliletwa kwa reli, na wengi wao walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Lakini majahazi ya Gujarat yalikuwa yakija na kaskazi zamani kabla ya hapo. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipotia nanga Malindi alikuta vyombo vinne vya Wahindi. Wahindi hao walipopanda meli ya Wareno wakaonyeshwa picha ya Bikira Maria na Yesu, walisujudu, na siku zote Wareno walizokaa pale walikuja kuomba mbele ya picha ile, wakileta karafuu na pilipili kuwa sadaka. Wareno wakaamini wamepata Wakristo wenzao, ingawa waliambiwa kwamba watu hao hawali nyama ya ng'ombe. Nimecheka sana niliposoma kisa hicho, maana ndivyo angefanya mama yangu. Angeona mwanamke mtukufu na mwanawe, angeinama kwanza, jina angeuliza baadaye.

Kuna swali jingine, na hili linatoka kwa vijana wetu wenyewe: ikiwa Mungu yuko kila mahali, na kila nyumba ina rafu yake ya ibada, hekalu la nini? Mzee mmoja wa kamati, ambaye baba yake alikuwa mtu wa majahazi, aliwajibu hivi. Upepo umejaa bahari nzima, lakini chombo hakiendi mpaka utweke tanga. Kijana mmoja akasema, mzee, siku hizi kuna injini. Tulicheka wote, mzee naye. Kijana huyohuyo ndiye aliyepanda darini kupiga picha za boriti zilizooza.

Basi, boriti. Hekalu lilijengwa miaka ya 1950 na wazee wenye maduka madogo, na paa limebadilishwa mabati mara moja tu. Hapa lazima tuseme ukweli ambao baadhi yenu mmeusikia kwa minong'ono. Miaka mitatu iliyopita tulimpa fundi malipo ya awali makubwa mno, akaweka mabati membamba juu ya mbao zilizokwisha kuliwa, kisha simu yake ikawa haipatikani. Kosa lilikuwa letu pia. Hatukuandikiana mkataba, kwa sababu alikuja na barua ya mtu tunayemheshimu. Safari hii kuna mhandisi anayekagua, kuna mkataba, na malipo yatatoka kwa awamu, kazi ikishaonekana.

Hesabu ni hii. Paa la patakatifu na la ukumbi, pamoja na boriti mpya na mifereji ya maji, ni shilingi 2,100,000. Jiko, yaani bomba la moshi, meko na sakafu, ni 950,000. Nyaya za umeme, ambazo mhandisi alipoziona alishika kichwa, ni 400,000. Zimebaki 350,000 za mahali pa muda pa Thakorji na ibada ya kumrudisha. Mafundi hawawezi kutembea juu ya kichwa chake. Ataombwa ruhusa, atahamishiwa chumba cha pembeni, na taa yake haitazimika hata siku moja. Jumla ni 3,800,000. Waumini wa hapa wamekwisha kutoa 1,450,000. Tunatafuta 2,350,000.

Kwa hesabu za kwetu hizo ni laki ishirini na tatu na nusu, na hilo neno laki nalo lilikuja na majahazi, kwa hiyo msituonee ajabu tukiomba kwa malaki. Lakini elfu haikataliwi, wala mia. Ukiwa huna pesa, leta samli, mchele, au mikono yako. Dari la zamani lazima libomolewe na watu. Katika barua hii hatutaji nani ametoa kiasi gani, na siku ya harambee hatutataja pia. Kamati ilipiga kura juu ya hilo, likapita kwa kura moja.

Kwa majirani wa dini nyingine nina neno la pekee. Tunajua wapo ambao imani yao haiwaruhusu kuchangia patakatifu petu, wala hatutaki mtu aende kinyume na dhamiri yake kwa ajili ya ujirani. Tumefungua hesabu mbili. Ya jiko iko mbali na ya paa, na shilingi ya jiko haitagusa kitu kingine. Wengi wenu mmeshakula Jumamosi zetu, au watoto wenu wamekula bila nyinyi kujua.

Harambee itafanyika Jumapili ya mwisho kabla ya Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, kuanzia saa kumi alasiri, uani. Kutakuwa na chakula, bila nyama, bila kitunguu wala kitunguu saumu. Msikasirike, ni kitamu. Wazee wetu hushikilia kwamba neno lenyewe harambee ni kilio cha vibarua wa reli wakimwita mungu mke Ambe walipokuwa wakisukuma vyuma. Wataalamu wa lugha wanakataa, na majirani zangu wanadai ni wito wa wapagazi na mabaharia wa pwani. Mje mbishane wakati wa chai.

Michango inapokelewa na mweka hazina ofisini, mkono wa kushoto ukiingia langoni, na kila mtu atapewa stakabadhi. Namba ya M-Pesa ya hekalu imebandikwa ukutani hapohapo. Walio ng'ambo wataipata kwa jamaa zao wa hapa. Ukitumiwa namba nyingine yoyote kwa WhatsApp, hata kwa jina langu, usitume kitu.

Tumekusudia paa likamilike kabla ya mvua za vuli, ili Diwali itukute pakavu, na siku inayofuata, siku ya Annakut, tupange mlima wa chakula mbele ya Thakorji kutoka jiko jipya. Usiku wa Diwali, wenye maduka wanapoleta madaftari yao mapya ya hesabu kwa chopda pujan, daftari la harambee hii litawekwa pamoja nayo. Kila shilingi iliyoingia na iliyotoka itakuwa imeandikwa humo, na kesho yake litakuwa mezani kwa yeyote anayetaka kulifunua, awe ametoa au hakutoa.

Siku ya harambee mtauona ule mwavuli mweusi mlangoni. Tumeufunga kamba ya katani pale mbavu zilipovunjika, na utaning'inia juu chini. Sarafu na noti ndogo mtie humo.