Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliousoma Msimu wa 1884

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Kama katiba yetu inavyotaka, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wasomaji wa historia ya besiboli. Shughuli za kawaida mnazijua, hivyo nitazipitia haraka. Vikao vya kusoma vilifanyika kila mwezi isipokuwa mwezi wa Ramadhani na ule wa theluji nzito. Vijana waliendelea na mazoezi yao uwanjani Jumamosi. Tulishirikiana katika misiba na harusi za wenzetu kama ada. Katibu aliandika kumbukumbu za kila kikao, na nakala zinapatikana kwake. Hafla ya kufunga mwaka ilifana na chakula kilitosha.

Somo letu lilikuwa msimu wa 1884, na mwenye kuuchagua ni mimi. Nilipoutaja mara ya kwanza wapo waliosema ni wa zamani mno, hauna ladha. Leo hata wao wanakubali kwamba karne nzima ya kumi na tisa haina msimu uliojaa mambo kama ule. Ligi kubwa zilikuwa tatu kwa mpigo: National League, American Association na Union Association, ambayo Henry Lucas wa St. Louis aliianzisha kwa fedha zake ili kupinga kanuni ya klabu kumshikilia mchezaji asiende kwingine mkataba wake ukiisha. Timu yake, Maroons, ilishinda mechi 20 za mwanzo mfululizo na kumaliza na ushindi 94 na vipigo 19. Wenzake hawakuwa na hali hiyo: Altoona walicheza mechi 25 wakafunga virago, Wilmington walishinda 2 wakafungwa 16. Mwaka uliofuata Lucas mwenyewe alihamia National League, na Union Association ikafa. Bingwa wa National League alikuwa Providence, ushindi 84 na vipigo 28, chini ya meneja Frank Bancroft. Bingwa wa American Association alikuwa Metropolitans wa New York, ushindi 75 na vipigo 32.

Kuhusu Charles Radbourn wa Providence tulitumia kikao kizima, na nadhani kilitosha. Mrushaji mwenzake, Charlie Sweeney, aliyekuwa amewatoa wapigaji 19 wa Boston kwa mapigo matatu (strikeout) katika mechi moja tarehe 7 Juni, aligombana na uongozi tarehe 22 Julai, akaiacha timu uwanjani na watu wanane, kisha akaenda kuchezea St. Louis ya Lucas. Radbourn naye alikuwa amesimamishwa. Ikabidi arudishwe, na yeye akakubali kubeba mechi zilizobaki kwa masharti ya kuongezwa malipo na kuachwa huru msimu ukiisha. Alirusha raundi zaidi ya 678, akamaliza mwenyewe mechi 73 na kuwatoa kwa mapigo matatu wapigaji 441. Ubishi wa kama ushindi wake ni 59 au 60 uliwagawa wanachama vibaya. Unatokana na mechi ya Philadelphia ya tarehe 28 Julai, ambapo Cyclone Miller aliondoka baada ya raundi tano timu ikiwa inaongoza, Radbourn akamalizia nne, na karani wa mechi akampa Radbourn ushindi. Kwa kanuni za leo ushindi ule ni wa Miller, na msimamo wangu ni 59. Niliutoa siku ile na sijaubadilisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana mwaka huu, mengine likisemwa pembeni bila mimi kuwepo. Ni uamuzi wa kamati wa kutenga sehemu kubwa ya vikao kwa timu ya Toledo, na kutumia fedha za safari kwenda Steubenville, Ohio, badala ya Providence.

Hoja ya wanaopinga naijua. Toledo walishika nafasi ya nane katika American Association, ushindi 46 na vipigo 58. Wanauliza: kwa nini tumwache bingwa tukashughulike na timu ya nane? Mwanachama mmoja aliandika katika kundi letu la WhatsApp kwamba mwenyekiti ameteka chama. Nitamjibu hapa mbele ya wote, maana sina cha kuficha.

Toledo ndiyo timu iliyokuwa na Moses Fleetwood Walker. Tarehe 1 Mei 1884, mjini Louisville, alikaa nyuma ya mpigaji kama mdakaji wa timu ya ligi kubwa, mtu mweusi anayejulikana kuwa mweusi, katika mji uleule ambao mwaka 1881 ulikuwa umekataa asicheze. Toledo walifungwa 5 kwa 1. Alicheza mechi 42 msimu ule na wastani wake wa kupiga ulikuwa .263, tena akiwa mdakaji, kazi ya kudaka mipira kwa mikono mitupu au kwa glovu nyembamba ya ngozi. Ndugu yake Weldy aliingia mechi 5. Baada yao hakuna mtu mweusi aliyeonekana waziwazi katika ligi kubwa mpaka Jackie Robinson aliposimama uwanjani Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947. Hiyo ni miaka 63. Je, chama cha watu waliotoka Afrika Mashariki, tunaoishi Ohio hii hii alikozaliwa Walker, tulikuwa na sababu gani ya kumpita?

Wapo waliosema kwamba hata huo u-kwanza wa mtu mweusi katika ligi kubwa si wake, kwamba William Edward White, aliyezaliwa Georgia na mama mtumwa na baba aliyemmiliki mama huyo, alicheza mechi moja tarehe 21 Juni 1879. Ni kweli, na aliichezea Providence hiyo hiyo wanayoitaka wenzetu. Lakini White aliishi akihesabiwa mweupe, na mechi yake ilipita bila kelele yoyote. Walker alibeba rangi yake mbele ya watazamaji wa kila mji. Kamati ilipima tofauti hiyo, ikaamua.

Nataka wanachama waelewe alichokibeba. Tarehe 10 Agosti 1883, kabla Toledo haijapanda ligi kubwa, Cap Anson, nyota na meneja wa Chicago, alikuja na timu yake kwa mechi ya kirafiki akasema hachezi kama Walker yumo. Walker alikuwa na mkono mbaya na hakupangwa siku hiyo. Meneja Charlie Morton, aliposikia hayo, akampanga makusudi, Anson akaambiwa asipocheza hapati mgawo wa viingilio, akacheza. Msimu wa 1884 mrushaji wa Toledo, Tony Mullane, alikuwa hazitazami ishara za Walker. Mwaka 1919 Mullane mwenyewe alikiri kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kuwarushia, ila hakumpenda kwa sababu ya rangi, akawa anarusha anachotaka bila kumpa habari. Fikirini, mtu anadaka bila glovu ya maana na hajui mpira unakuja wa aina gani! Hata hivyo aliidaka. Septemba ikaja barua kutoka Richmond, Virginia, ambako Toledo walikuwa wacheze Oktoba, ikimwonya meneja kwamba watu 75 wameapa kumshambulia Walker akitokea uwanjani kwao. Kufikia mechi hizo za Oktoba Toledo walikuwa wamekwisha mwachia, kwa kuwa mpira ulimvunja ubavu majira ya kiangazi na hakupona sawasawa.

Mwaka 1887 wakuu wa International League, ligi ya daraja la chini, walipiga kura tarehe 14 Julai wasiandikishe tena wachezaji weusi, na siku hiyohiyo Anson alikuwa Newark akikataa tena kucheza. Mwaka 1908 Walker alichapisha kitabu akiwahimiza watu weusi wa Marekani wahamie Afrika. Kila mmoja wetu amevuka bahari kuja huku alikotaka watu watoke, na kikao tulichojadili hilo ndicho kilikuwa bora kuliko vyote vya mwaka. Waliohudhuria watanishuhudia.

Kaburi lake lipo Steubenville. Kwa miongo mingi halikuwa na jiwe lenye jina lake. Safari ile ilipigiwa kura na kamati, risiti zote ziko kwa mweka hazina, na wanaodai fedha ziliyeyuka hawajafika hata mara moja kuziangalia. Nilijazia mafuta kutoka mfukoni mwangu, jambo ambalo sikulitangaza, lakini kwa kuwa nimesemwa naomba liandikwe kwenye kumbukumbu.

Sasa mahudhurio. Fainali ya 1884 kati ya Providence na Metropolitans ilichezwa Polo Grounds kuanzia tarehe 23 hadi 25 Oktoba, Radbourn akarusha mechi zote tatu na kushinda zote. Mechi ya tatu, kwa baridi, walifika watu kama 300 tu. Tulipolisoma hilo wengi mlisikitika. Na mimi nawauliza: vikao vyetu vina joto, vina chai, na bado viti vingi viko wazi. Wajumbe wanaozungumza sana kwenye simu ndio wasioonekana ukumbini. Zaidi ya mara moja tumekosa akidi, tukashindwa kupitisha mambo ambayo baadaye tunalaumiwa kwa kutoyapitisha.

Ada ndiyo inayoumiza zaidi. Waliolipa kwa wakati hawafiki nusu. Wapo wenye deni la miaka miwili, na kati yao wamo waliopinga safari kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwanachama ana haki ya kupinga, ila katiba inasema wazi kwamba haki ya kupiga kura ni ya aliyelipa, na safari hii nitaisimamia. Union Association ilikuwa na timu zilizoanza msimu bila fedha za kuumaliza, na mmeona zilivyokwisha. Sitaki hayo yatufike.

Kuhusu mwaka ujao, kuna mapendekezo ya kusoma msimu wa 1890, wachezaji walipoanzisha ligi yao wenyewe. Wengine wanataka tuendelee na 1887. Kamati italitazama. Tunatumaini pia kupata ukumbi wa bei nafuu zaidi, kuongeza vitabu vya vijana, na, Mungu akijalia, kufika Providence, ili wenzetu nao waridhike.

Namshukuru katibu, mweka hazina, na kina mama waliosimamia chakula. Ada zinapokelewa kwa mweka hazina kabla ya mkutano mkuu kufunguliwa. Jina lisilo na tiki halitasomwa siku ya uchaguzi.

Mwenyekiti