Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Mchezo Ule wa Anga Hautauzwa

Tororo, mwezi wa saba

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote tu wazima, jaja yako, yaani bibi yako, naye hajambo, na goti lake limetulia tangu mvua zipungue. Barua yako imenifikia. Umeniomba mashine ya gemu aliyotuletea mjomba wako kutoka Uingereza iuzwe pamoja na diski yake ya Super Mario Galaxy, kisha fedha itakayopatikana iongezewe kidogo ili tununue mashine mpya ya kuchezea mpira, kwa sababu wenzako bwenini wamekuambia kwamba mchezo wenye sayari za rangi na nyota zenye macho ni wa watoto wa chekechea. Kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni kwenu, nakujibu kwa kalamu, tena kwa kirefu, maana ombi lako umelieleza kwa adabu na linastahili jibu lenye sababu.

Jibu langu ni kwamba haitauzwa. Katika nyumba yetu hakuna kitu kingine, ukiondoa chakula, ambacho mtoto wa miaka sita, msichana wa Senior One (mwaka wa kwanza wa sekondari) kama wewe, mama yake na jaja yake wanaweza kukizunguka kwa pamoja, kila mmoja akiwa na kazi yake ya kweli. Nimelifikiria jambo hili kama mzazi na pia kama mwalimu wa fizikia, nami naona kwamba hali hiyo haikuja kwa bahati, bali watu waliketi wakaifikiria.

Ni kweli mchezo wenyewe una umri mkubwa kuliko wako, kwa kuwa Nintendo, kampuni ya Japani, waliutoa mwaka 2007, chini ya uongozi wa mtunzi aitwaye Yoshiaki Koizumi. Lakini angalia walichokifanya. Michezo ya kuruka kutoka jukwaa hadi jukwaa humsumbua anayeanza kwa namna mbili: anafika ukingoni akatumbukia, au anageuka akajikuta anatazama ukuta bila kujua alipo. Koizumi na wenzake waliikunja ardhi yenyewe ikawa mpira. Sayari nyingi za mchezo huu ni ndogo kiasi kwamba unaizunguka moja kwa hatua chache, mvutano wake unakuelekeza katikati yake popote ulipo, na hata ukitembea upande wa chini kichwa kikiwa kimening'inia huanguki. Unakumbuka siku mdogo wako aliposhika rimoti kwa mara ya kwanza? Hakujua kukata kona, akawa anasonga mbele tu, na baada ya muda mfupi akajikuta amerudi kwenye jiwe lile lile alipoanzia, akapiga kelele za furaha kana kwamba amevumbua jambo. Na kwa hakika alikuwa amelivumbua, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ardhi ile ni ya mviringo. Miguu ya Mario, yule mtu mchezaji anayemwendesha, ndiyo iliyomwonyesha. Si sayari zote zilivyo hivyo, kwani ziko hatua nyingine zenye kingo na mashimo meusi yanayommeza mchezaji, lakini mtoto huyafikia hayo akiwa tayari ameonja ushindi.

Wewe uliniuliza likizo iliyopita kama sayari za namna ile zinaweza kuwepo, nami nikaahidi kukupigia hesabu. Chukua sayari yenye nusu kipenyo cha mita 10. Nusu kipenyo cha Dunia ni kama kilomita 6,371, yaani mara 637,100 ya hicho. Ili mtu aliyesimama juu ya kile kimpira avutwe kwa nguvu ile ile inayotuvuta hapa Tororo, ingebidi msongamano wake, yaani jinsi maada ilivyobanana ndani yake, uwe zaidi ya mara 600,000 ya wastani wa msongamano wa Dunia, na hakuna mwamba wa namna hiyo. Mwezi wenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, huvuta kwa takribani sehemu moja ya sita tu ya nguvu ya Dunia. Kwa hiyo watunzi hawakufuata vipimo vya maumbile, ila walihifadhi kanuni moja kwa uaminifu mkubwa, kwamba chini ni kuelekea katikati. Nimefundisha mvutano kwa miaka mingi kwa chaki na ubao, na sijawahi kuona darasa likiielewa kanuni hiyo kwa haraka kama mdogo wako alivyoielewa akiwa amekaa kwenye mkeka.

Tena kuna lile la kuruka. Ukiruka mruko mrefu kwenye sayari ndogo, Mario haendi mbele akapotea. Njia yake inapinda, anaizunguka sehemu ya sayari, ndipo anatua. Ndivyo setilaiti inavyokaa angani: inaanguka wakati wote, lakini inakwenda mbele kwa kasi kiasi kwamba ardhi inajikunja chini yake kabla haijaifikia. Setilaiti ya kwanza ya nchi yetu, PearlAfricaSat-1, ilirushwa mwezi Novemba 2022 kutoka Virginia, Marekani, na Desemba ikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, na waliokiunda ni wahandisi watatu wa Uganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, waliosomea kazi hiyo katika Kyushu Institute of Technology huko Japani, nchi ile ile ulikotoka mchezo wetu. Nilipomweleza jaja yako habari hizo, alitaka kujua kwa nini kisanduku hicho hakikuanguka kikamwua mtu. Nilimwonyesha Mario akiruka, akaridhika.

Sasa nije kwa jaja, maana yeye ndiye sababu yangu kubwa. Michezo mingi inayojiita ya familia hugawanya skrini vipande viwili na kuwashindanisha watu wasiolingana, na matokeo yake unayajua: mkubwa anashinda, mdogo analia, mzee anasema macho yamechoka na kuondoka. Katika Super Mario Galaxy mchezaji wa pili hana mwili wa kuendesha. Anashika rimoti ya pili, anaielekeza kwenye televisheni, na alama yake inaonekana kama nyota ndogo. Kwa nyota hiyo anaokota vipande vya nyota vilivyotapakaa, anavirusha kwa maadui, na anaweza kumshika adui akakwama mahali pamoja mpaka mwenzake apite. Hawezi kufa, wala haoni aibu ya kumwangusha mwenzake shimoni kwa kuchelewa, na akiinuka kwenda kutazama mchuzi jikoni, mchezo unaendelea bila kumsubiri.

Usidhani hiyo ni kazi ya kumridhisha mzee tu. Kila vipande 50 vinaongeza uhai mmoja, na wako viumbe wenye njaa wanaolishwa vipande hivyo hivyo, nao wakishiba hugeuka kuwa sayari mpya au hata galaksi nzima ya kuchezea. Galaksi kadhaa ambazo wewe unajisifu kwamba umezimaliza zilifunguliwa kwa vipande alivyookota jaja yako huku amejifunga leso, rimoti ameishika kwa mikono miwili, akimwambia mdogo wako, "Nenda, baba, nimemshika." Nikisikia maneno hayo kutoka jikoni naacha ninachofanya. Mtu aliyelea watoto saba na kuzika wawili, ambaye hajui kusoma herufi moja ya Kiingereza, amepata ndani ya mashine ya kigeni kazi ile ile aliyoifanya maisha yake yote, ya kumzuia adui ili mtoto apite, na anaifanya vizuri. Kwenye mweso, ule mchezo wa ubao wa mashimo na kete, wawili wanacheza na waliosimama pembeni wanatoa ushauri. Hapa aliyesimama pembeni amepewa mkono.

Kwa sababu hiyo, ule waya wa kihisio uliokatika ulituhuzunisha sana. Hukuwepo, hivyo nikusimulie. Panya walitafuna waya wa kile kijiti chembamba kinachokaa juu ya televisheni, na rimoti zote mbili zikawa haziwezi tena kuelekeza. Mario alitembea kama kawaida lakini nyota ya jaja haikuonekana, naye akaiweka rimoti chini bila kusema neno. Nikakifungua kijiti kile. Ndani hamna kitu cha ajabu, ni vitaa tu vya mwanga usioonekana kwa macho, vimekaa kwenye ncha zake mbili. Anayeona ni rimoti, kwa kuwa ina kamera ndogo mbele. Na kwa kuwa moto wa mshumaa nao hutoa mwanga wa aina hiyo, niliwasha mishumaa miwili, nikaisimamisha kwenye visahani, mmoja kila upande wa televisheni, na nyota ikarudi pale pale. Tulicheza hivyo jioni ile, mimi nikikaa karibu na mishumaa nisiondoke hata kidogo, mpaka nilipoweza kuunganisha waya. Usijaribu jambo hilo peke yako wala mbele ya mdogo wako nisipokuwepo.

Wenzako wanasema mchezo huu ni wa kitoto. Waulize kama wamewahi kusikiliza hadithi iliyomo ndani yake. Katika chombo kile cha angani anamoishi Rosalina, mlezi wa nyota wadogo, mna maktaba, na humo yeye huwasomea wale nyota wadogo kitabu kimoja, sura baada ya sura, kadiri mchezaji anavyoendelea kukusanya nyota kubwa. Ni habari ya msichana anayekutana na nyota mdogo anayemngojea mama yake, wanasafiri pamoja kumtafuta, na safarini msichana anatambua kwamba mama wa kwake mwenyewe hatamwona tena. Nimemfasiria jaja yako sura hizo kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na mdogo wako akinisikiliza ameshika mkono wake. Mtoto mdogo anasikia habari ya nyota waliopotea. Mzee anasikia habari ya msiba. Mchezo unaowapa wote wawili kitu cha kubeba bila kumtisha mmoja wala kumchosha mwingine si mchezo wa chekechea.

Ugumu nao umo, na umepangwa kwa akili. Nyota kubwa ziko zaidi ya 100, lakini 60 zinatosha kukufikisha kwenye pambano la mwisho na Bowser, adui mkuu wa Mario. Maana yake ni kwamba asiyeweza hatua fulani anaiacha, anachukua nyingine, na bado atafika. Mdogo wako anaziruka zile za vimondo zinazokutaka upite bila kuguswa hata mara moja; wewe ndizo unazozitafuta. Diski ni moja, sebule ni moja, na kila mmoja anapata kiwango chake bila kumwambia mwenzake kwamba amecheza kile chepesi.

Mpira wa kwenye mashine sina ubaya nao, na mjomba wako mdogo anao. Nenda ukacheze kwake siku za Jumapili, nitakupa nauli. Ninachokataa ni kumwondoa jaja yako kwenye mkeka ili wewe upate mpinzani.

Badala ya kuuza, nimepanga kununua. Mwaka 2010 walitoa Super Mario Galaxy 2, inayosomwa na mashine yetu hii hii, na humo mchezaji wa pili ana kinyota chake mwenyewe kinachoonekana, kinachoweza kumpiga adui na kumletea Mario vitu kutoka mbali. Hicho kitamfaa mdogo wako siku utakapokuwa wewe ndiye unayeongoza. Mama wa rafiki yako wa Kampala anapajua mahali wanapouza diski zilizotumika, nami nimeweka akiba kidogo kila mwisho wa mwezi. Ukipata nafasi ya kuzungumza naye siku ya kutembelewa, mwambie iwe diski ya Ulaya, kwa sababu mashine iliyotoka Uingereza haitakubali ya Marekani wala ya Japani, na aigeuze aitazame kwa mwanga kabla ya kulipa.

Mimi mama yako anayekupenda.