Usiiogope mofini, Mama Joy

Moshi, Jumapili jioni

Mama Joy mpendwa,

Kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Pole sana, rafiki yangu. Kumsikia mzazi akigugumia usiku kucha si jambo dogo. Umeniuliza dawa ipi ya maumivu ni bora kati ya tramado anayomeza sasa, mofini aliyoandikiwa na daktari hapo Arusha, na oksikodoni ambayo kaka yako anaisifia kutoka Marekani. Nakujibu kama muuguzi niliyezoea wagonjwa wa saratani, ila dozi ya mama ataipanga daktari wake.

Tramado ina ukomo: kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku, na kwa mzee mara nyingi hupunguzwa. Unasema anameza vidonge viwili viwili vya miligramu 50 kila akizidiwa, na usiku mnaongeza. Vikifika vinane ndiyo mwisho. Zaidi ya hapo mnamtafutia degedege, maumivu yakiwa palepale. Kodeini nayo, dawa nyingine ya maumivu, usihangaike kuitafuta. Sehemu kubwa ya nguvu yake hutokana na ini kuigeuza kuwa mofini, na miili haifanani: wapo wanaomeza bila nafuu yoyote, wapo wanaolewa kwa dozi ndogo. Kwa maumivu kama ya mama, kwa nini tuzunguke huko wakati mofini yenyewe ipo?

Najua kinachokutisha. Mtaani wanasema ukiona mgonjwa kaanzishiwa mofini, andaeni mazishi. Si kweli, na maneno hayo yamewaacha wengi wakiteseka bure. Mofini hutolewa kwa ukali wa maumivu, si kwa siku mtu alizobakiza. Wapo wanaoinywa miezi na miezi, wanakaa barazani na wajukuu, wanakwenda kanisani. Mwili utaizoea, ndiyo, kwa hiyo msiikatishe ghafla, lakini hilo silo uteja.

Basi sikiliza namna ya kumpa. Hiyo ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, kwa saa ya ukutani. Msisubiri aanze kulia, maana maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Soma lebo ya chupa, miligramu ngapi kwenye mililita ngapi, kwa kuwa hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Pima kwa sirinji isiyo na sindano; kijiko cha chai kinadanganya. Dozi ya kulalia muulize daktari, mara nyingi huongezwa ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Usingizi na kichefuchefu cha mwanzo huwa vinapita baada ya siku chache. Choo kigumu ndicho hakipiti, kwa hiyo aanze dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Papai na maji vitasaidia, lakini peke yake havitoshi.

Kuhusu kaka yako: oksikodoni ni dawa nzuri, ila haiishindi mofini. Miligramu 10 za kumeza hukaribia miligramu 15 za mofini, tofauti ndiyo hiyo. Huko kwao OxyContin, ndiyo oksikodoni kwa jina la dukani, iliingia sokoni mwaka 1996, na mwaka 2007 kampuni dada ya Purdue Pharma, watengenezaji wake, ikakiri mahakamani kuwa iliinadi kwa kupotosha juu ya hatari ya uraibu. Asimtume mtu na vidonge kwenye begi. Dawa hizi zinadhibitiwa na sheria, na zikiisha mtazipata wapi? Plasta ya fentanili, dawa nyingine kali ya maumivu, inayokaa saa 72 kwenye ngozi, tuifikirie siku mama akishindwa kumeza.

Kuna jambo moja linanipa wasiwasi, nalo ni figo zake. Zikiwa dhaifu, mabaki ya mofini hujikusanya mwilini. Mwombe daktari apime kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kabla mama hajaanza, na umwambie dawa zote anazotumia, hasa za usingizi na za sonona. Mkiona amelala fofofo haamshiki, au anapumua polepole mno, msimpe dozi nyingine, mkimbizeni hospitali. Chupa ikae kwenye kabati lenye kufuli, Joy asiifikie.

Kesho mwulizie daktari kama wana kitengo cha tiba shufaa, yaani cha kupunguza mateso ya mgonjwa mahututi; wauguzi wake huwa na muda wa kukaa na familia. Majibu ya figo yakitoka nisomee namba kwa simu, hata kama ni usiku.

Wako,
Mama Kelvin